Fundi Aliyewauliza Wanawake Rangi

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza, halafu msinicheke mwandiko. Nilisoma Lulindi mpaka darasa la nne, baada ya hapo nikapewa jembe. Nitaandika kama ninavyosema. Nataka niwaeleze habari za mtu ambaye nyinyi mmemkuta keshakuwa mzee, anakaa kibarazani kwake jicho moja limeingia ukungu, mnampa shikamoo naye anaitikia kwa sauti ya pole pole, mkishampita mnasema, "Mzee yule mtu mwema." Mwema! Nikilisikia neno hilo likitajwa juu yake, nainuka naondoka.

Jina lake silitaji. Alikozaliwa hakukunihusu zamani na hakunihusu leo. Hapa kwetu Newala ukisema Fundi, watu walijua ni Fundi wa baiskeli, pale kwenye kibanda cha bati karibu na njia inayoshuka kuelekea kwetu. Kulikuwa na mafundi wengine, lakini wale walikuwa wa kuziba pancha. Huyu alikuwa anakuchagulia baiskeli kama mtu anayemchagulia mwanawe mchumba. Akitaka.

Nianze na ujuzi wake, maana nikianza na uchafu mtasema bibi ana chuki. Ninayo, lakini ngojeni.

Mwanaume akija kutaka baiskeli, Fundi hakumwonyesha baiskeli. Alimkalisha juu ya tairi la lori, akamuuliza mambo matatu. "Unabeba nini? Unapita wapi? Haya, simama nione mguu." Ndipo anaingia ndani ya kibanda, unasikia vyuma vinagongana huko, anatoka na fremu tupu begani, haina gurudumu wala kiti.

Mume wangu, Mungu amrehemu, alinunua kwake. Nilikuwa nimesimama pembeni na kikapu changu. Mume wangu akajibu, "Nabeba korosho, gunia moja, msimu ukiwa mzuri mawili. Napita changarawe mpaka chama cha msingi, na mara moja moja nashuka mpaka Chiwata kwa dada yangu." Fundi akamvusha mguu juu ya fremu, akaingiza vidole viwili kati ya bomba la juu na suruali yake, mbele ya watu.

"Vidole viwili vipite," akasema. "Visipopita, siku ukishuka ghafla utalia kama mbuzi, na mama huyu hapa atanilaumu mimi."

Wanaume wakacheka. Mimi sikucheka, ila nilisikiliza. Nilijifunza mengi siku ile kwa kusimama tu. Fremu ya kubebea mizigo inatakiwa iwe ya chuma kizito, yenye mabomba mawili juu, na gurudumu la nyuma likae mbali kidogo ili kisigino kisipige gunia kila ukikanyaga. Kati ya tairi na miguu ya fremu kipite kidole gumba kila upande, kwa sababu udongo wetu huu mwekundu mvua ikinyesha unang'ang'ania tairi kama ugali unavyong'ang'ania mwiko, na nafasi ikiwa ndogo gurudumu linagoma kabisa. Rimu ya matundu arobaini haikubali habu, ile ya katikati ya gurudumu, ya matundu thelathini na sita, hata muisomee dua. Cheni nyembamba ya baiskeli ya gia ukiilazimisha kwenye meno manene itapanda juu ya jino, itaruka, nawe utaruka nayo.

Zile baiskeli za mitumba, nyepesi, zenye gia nyingi na waya kila mahali, alikuwa akizitazama amekunja pua. "Hii wametengenezewa watu wanaopanda ili wapungue tumbo," alisema. "Wewe una tumbo gani la kupunguza? Halafu fremu yake si chuma hiki. Ikipasuka, nani ataichoma? Mchomeleaji wa hapa anachoma mageti."

Baiskeli aliyomfungia mume wangu ipo mpaka leo. Mume amekufa, baiskeli ipo. Imebeba korosho, imebeba salfa ya kupulizia mikorosho, imebeba mbao za jeneza. Haijawahi kulia hata kidogo. Hapo ndipo uchungu wangu unapoanzia, maana mtu asiyejua ungemsamehe.

Sasa uchafu.

Alikuwa na beseni la maji la kutafutia pancha. Maji yale alikuwa akiyabadilisha mvua ikimbadilishia. Ndani yake alitumbukiza mipira iliyotoka njiani na mavi ya ng'ombe, na ndani ya beseni hilo hilo alinawa mikono, akakaa, akala muhogo wake wa kuchemsha. Nimeona kwa macho yangu. Spoku iliyovunjika alikuwa nayo kwenye sikio la kushoto, akichokonolea nta, na baada ya kula anachokonolea meno kwa ncha ile ile. Msimu wa mabibo, uraka, ile pombe yake, alikuwa akiunywea kwenye kopo la grisi. Mtoto akileta mpira uliotoboka kidogo, hakuwa na haja ya beseni: anautemea mate, anatazama povu, anampa mtoto ashike pale penye mate, "Shika hapo usiachie." Watoto wakashika. Mimi nilikuwa nikimwita mwanangu pembeni nampangusa kidole kwa mchanga.

Lakini mate yanaoshwa. Kuna jambo lisilooshwa.

Mwalimu mmoja alimletea uma wa baiskeli ya gia, ule unaoshika gurudumu la mbele, akataka auingize kwenye fremu yake ya zamani. Haukuenea, ulikuwa unacheza ndani. Mwalimu akasema, "Fundi, si ukate bati la kopo la maziwa, uzungushie, ubane?" Wengine walikuwa wanafanya hivyo. Fundi akauchukua uma ule akautupa kwenye majani. "Uhai wa mtu siutii kwenye kopo la maziwa! Nenda katafute uma wa fremu hii, au upande punda." Tulimsifu, hata mimi. Nilirudi nyumbani nikamsimulia mume wangu.

Haikupita wiki mbili, nikamkuta mama muuza maandazi wa pale stendi amesimama njiani na baiskeli aliyofungiwa na Fundi, usukani wake umegeuka upande mmoja na gurudumu limebaki linatazama mbele. Nikamsaidia kuunyoosha. Ndani ya shingo ya fremu, palipobanwa usukani, kipande cha bati kilikuwa kimechungulia. Nikakivuta. Kilikuwa na picha ya ng'ombe. Kopo la maziwa.

Nilikwenda nacho mpaka kibandani. Nikamwonyesha.

"Fundi, hiki nini?"

"Bati."

"Siulizi kama ni bati. Ulimwambia mwalimu nini?"

Akacheka, meno yote nje. "Ah, Mama Halima nawe. Mwalimu anashindana mbio na pikipiki za watu barabarani. Yule anauza maandazi. Maandazi yana uzito gani?"

Na wale wanaume wake waliokuwa wakikaa pale kucheza bao wakacheka naye. Niliondoka. Nilipaswa kurudi nyumbani nikafikiri vizuri juu ya jibu lile. Sikufikiri. Nilikasirika tu, na hasira ikaisha kama moshi, ndiyo maana nawaambia nyinyi: jibu la kipumbavu alilolitoa mtu mwenye akili, likalieni, lichambueni, lina kitu ndani.

Kabla ya msimu wa korosho, watu wanapoanza kungojea fedha, Fundi alikuwa anapaka rangi. Mafremu yaliyokatika, yaliyogongwa, yaliyoletwa na watu waliochoka nayo, aliyakusanya nyuma ya kibanda. Penye ufa alichomea kidogo, juu yake akajaza masitiki, akasugua msasa, akapaka nyekundu, kijani, bluu, akabandika maua ya karatasi ya kung'aa. Yakaning'inizwa mbele ya kibanda kwenye waya kama kanga dukani. Wanaume walikuwa wanayapita yale, wanakaa juu ya tairi la lori, wanaulizwa yale mambo matatu. Wanawake tulikuwa tunasimamishwa mbele ya waya. Nasi tuliulizwa swali, lakini moja.

"Unataka rangi gani?"

Halima ni binti yangu. Mumewe alikwenda Masasi kutafuta kazi, kazi ikampatia mwanamke mwingine, hakurudi. Halima akabaki na mtoto mgongoni, Siwema, na kichwa chenye akili. Akasema, "Mama, watu wa huku chini wanateseka na maji. Nikipata baiskeli nitawaletea." Kioski cha maji kipo juu, karibu na tangi, na nyumba zetu zipo chini ya mteremko ule wa changarawe. Unakwenda na madumu matupu, unarudi na manne yamejaa. Kazi ya heshima. Nikasema, twende kwa Fundi.

Tulisimama mbele ya waya. Tairi la lori lilikuwa tupu pale, hakuna aliyelikalia, wala hakutukaribisha. Akaja anajifuta mikono kwenye suruali.

"Unataka rangi gani?"

Halima akanitazama. Naye alikuwa mdogo wakati wa baiskeli ya baba yake, hakusikia yale ya vidole viwili na kidole gumba. Mimi nilisikia. Mimi nilikuwa najua kwamba kuna maswali matatu na kwamba hakuna hata moja aliloulizwa. Mdomo wangu ulikuwepo. Na mdomo ule ule unaowafokea nyinyi kila siku ulifunguka ukasema, "Bluu."

Ndiyo. Mimi ndiye niliyejibu. Nilisema bluu kwa sababu ilikuwa nzuri, na kwa sababu muuza maandazi alikuwa na nyekundu. Siwezi kumchukia Fundi bila kupita kwangu mwenyewe kwanza, na kila ninapopita nakuta neno hilo limekaa pale.

Halima alibeba maji kwa baiskeli ile tangu mikorosho inachanua mpaka mvua za mwanzo. Ilikuwa inalia chini ya kiti, kik, kik. Akaipeleka kwa Fundi. Fundi akatia grisi kwenye kiti. Ikanyamaza siku tatu.

Siku ile alikuwa anashuka na madumu manne asubuhi jua limekwisha panda, njia kavu, hakuna gari, hakuna mbuzi aliyekatiza. Bomba linaloshika kiti lilikatika pale linapoungana na lile la juu. Fremu ikafunguka katikati kama mkasi. Halima akaenda chini, madumu juu yake. Paja lilivunjika mahali pabaya. Hospitali walifanya walichoweza, akakaa kitandani mpaka tukamaliza kuvuna mbaazi. Mguu wa kulia ulipona ukiwa mfupi. Mmemwona anavyotembea. Basi ni hivyo.

Fundi alikuja nyumbani siku ya tatu. Nilimwona anaingia uani, nikasema moyoni, amekuja kutoa pole. Halima alikuwa amerudishwa kutoka hospitali siku ile ile, amelala barazani, mguu umefungwa. Fundi alimpita. Alimpita mgonjwa kama mtu anayepita kigoda! Akaenda ukutani ilikoegemezwa ile fremu iliyokatika, akachuchumaa, akatia ukucha kwenye mpasuko, masitiki yakamegeka. Akayasaga kati ya vidole. Akanusa. Halafu akatikisa kichwa, kama anasikitika, na mimi nawaambia alikuwa anasikitikia chuma.

"Mzigo ulizidi," akasema.

Ndilo neno alilosema, na ndilo alilolirudia kwenye ofisi ya kijiji tulipomwita. Mzigo ulizidi. Wanaume wakaitikia kwa vichwa, maana kila mmoja wao alikuwa na baiskeli yake nzuri nje ya mlango, isiyolia, aliyofungiwa na mtu yule yule. Wangesemaje? Mmoja akaniambia, "Mama Halima, Fundi wetu hakosei." Ni kweli. Ndilo nililokuwa nataka waelewe, kwamba hakukosea.

Kuanzia hapo nikatoa amri kwamba baiskeli haiingii kwenye familia hii. Ile ya marehemu ikafungwa kamba ghalani. Na miaka ikaenda, Fundi akazeeka, jicho likaingia ukungu, akaanza kuwaambia vijana hadithi kibarazani na kuziba pancha za watoto bure. Ndipo mkaanza, "Mzee mwema." Uzee ni rangi kama rangi nyingine.

Mwaka huu Siwema amechaguliwa kidato cha kwanza. Shule iko ng'ambo ya tangi, huko juu. Akawa anaondoka alfajiri kwa miguu, anafika masomo yameanza, anachapwa kwa kuchelewa, jioni anarudi amekauka, na bado mama yake hawezi kuteka maji. Akaja kwangu.

"Bibi, naomba ile ya babu."

"Hapana. Bomba lake linakufika mbavuni."

"Basi nyingine."

"Hapana."

"Bibi, nitaacha shule."

Alisema taratibu, si kwa kutisha. Alikuwa ameshapiga hesabu ya miguu yake. Nikamfukuza jikoni, nikabaki nakoroga mboga iliyokwisha iva.

Wiki ile ile, alasiri, habari za Siwema zikiwa zimeshamfika kibarazani kwake, nikamwona Fundi anakuja na njia yetu. Hakuipanda, alikuwa anasukuma baiskeli. Nilidhani jua linanidanganya, kwa sababu baiskeli haikuwa na rangi. Haikuwa na rangi hata kidogo. Chuma kitupu, kimesuguliwa kikawa cheupe, kimepakwa mafuta kidogo kisishike kutu. Kila kiungo kinaonekana, kila mahali palipochomewa panaonekana.

"Shikamoo, Mama Halima," akasema. Ananipita umri mwaka mmoja au miwili, haikumpasa. Sikuitikia.

Siwema alikuwa ametoka kufua. Fundi akamgeukia, akaachama mdomo, na nilijua neno gani lilikuwa limeshapanda mpaka kwenye meno. Akalimeza. Akasema, "Binti. Unabeba nini?"

Siwema akanitazama. Safari hii nilinyamaza, nikamwachia mdomo wake.

"Madaftari," akasema. "Na jioni dumu mbili. Mama hawezi."

"Unapita wapi?"

"Kwenye changarawe. Pale alipoangukia mama."

Fundi akashika bomba la juu. "Simama nione mguu."

Akamvusha juu ya bomba. Vidole viwili hakutia yeye, alimwambia, "Tia mwenyewe." Vikapita. Kidole gumba kikapita kila upande wa tairi. Siwema akahesabu matundu ya rimu bila kuambiwa, sijui alijifunza wapi, labda kwangu nikifoka.

Halima alikuwa ametoka ndani, amesimama mlangoni kwa mguu wake ule. Nikaona wakati ndio huu.

"Fundi. Ile ya bluu. Ulijua?"

Hakuuliza ya bluu ipi.

"Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua ina ufa." Akawa anautazama mkono wake. "Nilidhani haitafika dumu nne. Nilidhani mwanamke atabeba mbili."

Hapo ndipo kilipo kinyaa changu chote, vijana. Laiti angesema shetani alimpitia, laiti angesema njaa. Lakini alikuwa amepiga hesabu kama kawaida yake, kwa makini, mzigo na njia na mguu, na kwenye hesabu ile binti yangu alikuwa nusu mtu. Halima alicheka kidogo, cheko kavu. "Baba," akamwambia, "mbili ungeziuza kwa nani?"

Nikamwambia Fundi, "Chukua madumu manne yale pale. Panda mpaka kioski, yajaze, shuka nayo. Wewe. Juu ya chuma hiki."

"Mama Halima, jicho langu—"

"Njia unaijua."

Siwema akasema, "Bibi, ni mzee." Nikamwambia anyamaze. Fundi akafunga madumu matupu, akasukuma kwenda juu, mgongo umepinda. Tulikaa. Halima alikalia kinu. 

Tukamwona juu kabisa ya mteremko, mdogo kama mdudu. Akapanda. Akaja. Changarawe ikawa inarukaruka pande mbili, breki zinashika, zinaachia, zinashika. Pale alipoangukia Halima kuna jiwe kubwa, na mimi nilifumba macho, naungama, sikufumba kwa ajili yake, nilikuwa nasikiliza. Nilisikiliza kama kuna kik. Hakukuwa na kik. Nilipofumbua alikuwa ameingia uani, suruali imelowa maji yaliyomwagika au kitu kingine, sikuchunguza, makohozi ameyatema miguuni pangu kama kawaida yake. Dumu zote nne zipo. Fremu kimya.

Halima akasogea mpaka kwenye baiskeli. Akapitisha kiganja chini ya kiti, pale bomba linapoungana na la juu, akapapasa muda mrefu, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Kisha akaniitikia kwa kichwa, kwamba ni nzima.

Jikoni ugali wa muhogo ulikuwa tayari na kisamvu kimetiwa korosho, harufu imejaa ua mzima, na Fundi alikuwa ameshatafuta kigoda kwa jicho lake moja, kwa kuwa huku kwetu mtu hafiki mwenye nyumba anapakua akaondoka hivi hivi. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Nikasema, "Siwema, baiskeli iingize ndani, na mtu asiipake rangi maadamu mimi ni hai. Huyu mleteeni maji safi anawe mikono. Chakula msimpe."